Nyumba ya Mjane na Kimya cha Kanisa



Mwezi huu twataka kuandika neno ambalo huenda likawachoma baadhi yenu. Nasi wenyewe limekwisha kutuchoma kabla ya kushika kalamu. Twawaomba mlisome hata mwisho kabla ya kukasirika. Mkiisha kulisoma na kuona tumesema uongo, mtuandikie, nasi tutapokea maonyo yenu kwa heshima. Lakini mkiona tumesema kweli, msipoteze karatasi kutusifu. Inukeni mkafanye.

Neno lenyewe ni hili. Kanisa letu lajua sana kumzika mume. Kumlinda mke aliyeachwa halijui, au lajua wala halitaki.

Tazameni mazishi yetu. Mkristo afapo, kengele yalia na kazi za shamba zasimama. Mchungaji aja na kanzu yake, waimbaji waja, akina mama wa umoja waja na vitambaa vyao vya kichwa, mzee wa Kanisa asoma habari za maisha ya marehemu, na rambirambi zahesabiwa mbele ya watu hata senti ya mwisho. Twaimba juu ya makao yaliyoko mbinguni. Haya yote ni mema, wala hatutaki hata moja lipungue. Lakini siku za matanga zikiisha, mchungaji aenda zake, waimbaji waenda zao, na pale nyumbani wabaki watu wa namna mbili tu: mjane na watoto wake upande mmoja, na ukoo wa mume upande wa pili. Hapo ndipo lianzapo jambo ambalo Kanisa limekubali kutoliona. Mchana tumemwimbia marehemu juu ya nyumba ya mbinguni. Jioni mkewe anyang'anywa nyumba ya duniani.

Hatusemi haya kwa kusikia. Miaka kadhaa iliyopita tuliitwa katika kikao cha ukoo mmoja, si kwa kuwa sisi ni wa ukoo ule, bali kwa kuwa mwalimu anao mwandiko mzuri. Mahakama ya mwanzo hutaka kuona muhtasari wa kikao cha ukoo kabla ya kumthibitisha msimamizi wa mirathi, na ukoo ule ulitaka muhtasari usio na makosa. Tukaenda na kalamu yetu. Watu waliketi migombani, juu ya mabenchi yaliyoazimwa kanisani kwa ajili ya msiba, yenye jina la usharika limeandikwa kwa rangi nyuma yake. Mzee wa Kanisa, ambaye pia alikuwa mkubwa wa ukoo ule, alifungua kikao kwa sala. Mjane hakuketi pamoja nasi. Alikuwa jikoni akipika chai ya kikao. Aliitwa mara moja tu, akatakiwa kutoa ufunguo wa sanduku la bati na kitabu cha chama cha ushirika ambamo fedha za kahawa ziliandikwa. Akavitoa kwa mikono miwili, kama ilivyo adabu, akarudi jikoni.

Ndugu wa marehemu akachaguliwa kuwa msimamizi. Shamba likasemwa kuwa ni la ukoo. Nyumba ikasemwa kuwa imo shambani, basi nayo ni ya ukoo. Mjane akapewa ruhusa ya kukaa mpaka kahawa itakapokwisha kuvunwa, maana mikono ya kuvuna ilikuwa bado yahitajiwa. Kisha wakatugeukia wakasema, Mwalimu, andika kwamba wote wamekubali. Tukaandika. Tuliandika vizuri, kwa mistari iliyonyooka. Mzee akafunga kwa sala, nasi tukanywa chai ile.

Kahawa ilipokwisha, mama yule aliondoka na watoto watatu kwenda kwa ndugu zake, ambao nao walisema hawana nafasi. Mmoja wa watoto wale alikuwa darasani kwetu, darasa la tano, mwepesi wa hesabu. Tulimngoja juma moja, tukamngoja la pili. Halafu, kama kanuni zitakavyo, tukamwandika mtoro katika daftari la mahudhurio. Mkono ulioandika kwamba wote wamekubali ndio ulioandika kwamba mtoto ni mtoro. Tangu siku ile hatukuweza tena kusema kwamba jambo hili ni la watu wengine.

Twasoma katika kitabu cha kwanza cha Wafalme, sura ya 21, habari za Nabothi na shamba lake la mizabibu. Twapenda kuihubiri kama habari ya mfalme mwovu na malkia mwovu, nasi tukiisha kuwalaani Ahabu na Yezebeli twarudi nyumbani tumeridhika. Isomeni tena polepole. Yezebeli hakumpokonya Nabothi shamba kwa mkono wake. Ziliandikwa barua, zikatiwa muhuri. Mbiu ya kufunga ikapigwa, yaani jambo lilianzwa kwa ibada. Wazee wa mji wakaketi. Wakaletwa mashahidi wawili, kama torati itakavyo. Kila kitu kilikwenda kwa utaratibu, na mwisho wa utaratibu ule mtu mwenye haki akafa na shamba lake likachukuliwa. Katika wazee wote waliokuwa wakikaa mji mmoja na Nabothi, waliomjua tangu utoto wake, Biblia haitutajii hata mmoja aliyesimama akasema, Hapana. Na barua zile hazikujipeleka zenyewe. Wako waliozipokea, wakazisoma, wakazitii. Sisi tumejiona katika kundi lile. Wewe msomaji je, ulikuwa wapi ukoo wako ulipoketi mara ya mwisho?

Sasa twajua majibu tutakayopewa, maana tumeyasikia barazani, sokoni, na hata katika mabaraza ya wazee wa Kanisa. Ni matatu, nasi tutayajibu moja moja.

Jibu la kwanza lasema: Hii ni mila yetu, na mwacha mila ni mtumwa. Methali hiyo twaiheshimu, maana waliotutangulia hawakuwa wajinga. Lakini twawauliza wanaoitaja: Ni mila ipi mnayoishika? Zamani ardhi ya ukoo haikuuzwa. Kihamba cha Mchagga na kibanja cha Mhaya vilikuwa mahali pa kaburi la babu na kitovu cha mtoto, wala mtu hakukitia bei. Mume akifa, ndugu yake alilishika shamba, lakini alilishika pamoja na mzigo wake: kumlisha mjane, kumtengenezea paa likivuja, kuwalea watoto wa marehemu kama wake, na kuwaozesha kwa wakati wake. Akitupa mzigo ule, wazee walimwita barazani wakamwaibisha mbele ya rika lake. Hatusemi mila hiyo ilikuwa kamilifu. Mara nyingi mjane mwenyewe alirithiwa kama mbuzi, wala hakuulizwa moyo wake. Walakini ilikuwa mila yenye pande mbili: upande wa kuchukua na upande wa kutoa.

Kisha ikaja kahawa. Wakulima wa Kilimanjaro waliunda chama chao cha kwanza cha kahawa mwaka 1925, na katika nchi nyingine nazo mazao ya fedha yakaingia. Na fedha ilipoingia, ardhi ikapata bei. Shamba lililokuwa amana likawa mali. Ndipo watu wakaikata mila katikati kwa panga. Upande wa kuchukua wakauweka mfukoni. Upande wa kutoa wakautupa njiani, wakisema kwamba maisha yamekuwa magumu na kila mtu na wake. Leo shemeji achukua shamba kwa jina la mababu, na mwaka wa pili ampimia mgeni kutoka mjini vipande kwa fedha taslimu. Je, babu yupi alifanya hivyo? Aliyeiacha mila ni nani basi: mjane asemaye, Niacheni nilee watoto wa marehemu katika shamba lao, au shemeji auzaye kaburi la babu yake? Ikiwa mwacha mila ni mtumwa, tumwiteni mtumwa yule astahiliye jina hilo.

Tena wako wasemao kwamba haki ya mwanamke katika urithi ililetwa na wageni. Hao twawapeleka katika kitabu cha Hesabu, sura ya 27. Binti watano wa Selofehadi walisimama mbele ya Musa na kuhani na wakuu na mkutano wote, mlangoni pa hema, wakadai fungu la baba yao aliyekufa bila mwana wa kiume. Musa hakuwafukuza kwa kuwa ni wanawake, wala hakujibu kwamba mila hairuhusu. Alilipeleka neno lao mbele za Mungu. Na Mungu akasema kwamba binti wale wasema kweli. Twajua sura ya 36 yawataka waolewe katika kabila la baba yao ili ardhi isihame. Ni kweli, hata hivyo sura ile haikuwanyang'anya shamba. Neno hili liliandikwa kabla ya meli ya mgeni yeyote kutia nanga Unguja.

Jibu la pili lasema: Hayo ni mambo ya serikali na mahakama, Kanisa kazi yake ni roho za watu, lisijitie katika siasa. Basi na tuitazame sheria yenyewe. Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika ilikusanya mila za makabila mengi na kuziandika kuwa kanuni. Kanuni zile ziliwapanga warithi katika daraja tatu, na binti wakawekwa daraja la mwisho. Na mjane ziliandika kwamba hana fungu katika urithi ikiwa marehemu ameacha watu wa ukoo wake, na kwamba fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Lakini sheria haikukaa mahali pamoja. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 68, ilisema wazi kwamba mwanamke aliyefiwa na mume ni huru kukaa apendapo, na kutoolewa tena au kuolewa na mwanamume amtakaye mwenyewe, hata kama mila yasema vingine. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu kule Mwanza aliamua shauri la mama mmoja wa Kihaya aliyeuza shamba la ukoo alilorithi kwa baba yake. Ndugu mmoja wa kiume wa ukoo wake alitaka mauzo yafutwe kwa kuwa yeye ni mwanamke. Jaji akasema kwamba mwanamke anayo haki sawa na mwanamume, kwa kuwa Katiba yakataza ubaguzi. Na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ilisema kwamba mila yoyote imnyimayo mwanamke haki ya kumiliki ardhi ni batili, tena ikaagiza kwamba katika Baraza la Ardhi la Kijiji lenye watu saba, wasipungue watatu walio wanawake.

Mtasema, Basi sheria ipo, Kanisa lifanye nini tena? Sikieni habari za wajane wawili wa Usukuma. Walifukuzwa na ndugu za waume zao pamoja na watoto wao wadogo. Wakaenda mahakamani. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikiri kwamba kanuni zile za mirathi zabagua, lakini ikaogopa kuzifuta. Wakakata rufaa, mwaka 2010 rufaa ikatupwa kwa kasoro ya tarehe katika hati. Wakalipeleka neno lao mbele ya kamati ya Umoja wa Mataifa, nayo mwaka 2015 ikaamua kwamba haki zao zilivunjwa. Hesabuni miaka. Mtoto aliyekuwa mgongoni siku ya kufukuzwa alikuwa amekwisha kuacha kubebwa, kujifunza kusoma, na kuota ndevu kabla ya neno la mwisho kusemwa. Sheria ni njema, walakini haina miguu. Haitembei yenyewe mpaka jikoni anapolia mjane. Mahakama i mbali, nauli ni ghali, na karani wa pale hamjui. Lakini sauti ya kengele ya kanisa yafika jikoni pale kila Jumapili. Ikiwa aliye karibu hanyoshi mkono, tutamlaumuje aliye mbali?

Tena lieleweni neno hili: mjane akithubutu kukataa, ukoo haumjibu kwa sheria. Wamjibu kwa kunong'ona. Wasema amemroga mumewe. Na katika nchi yetu neno hilo si mzaha. Huko Shinyanga na Mwanza bibi wazee wengi wameuawa kwa mapanga kwa kusingiziwa uchawi, na ushahidi ulioletwa mara nyingi ulikuwa macho mekundu, macho yaliyowekundishwa na moshi wa jiko walimopikia waume na wana wao maisha yao yote. Mara nyingine nyuma ya shutuma ile palikuwa na shamba. Basi mjane anyamazapo katika kikao, msiandike kwamba amekubali. Anajua anachokiogopa.

Na juu ya siasa, twawauliza: Kanisa lilianza lini kuogopa neno hilo? Pale Mkunazini, Unguja, palikuwa na soko la watumwa. Lilifungwa mwaka 1873, na juu ya kiwanja kile kile likajengwa kanisa kuu. Twapapenda sana mahali pale na kuwaonyesha wageni kwa fahari. Mwaka 1920 Frank Weston, Askofu wa Zanzibar, alichapa kitabu kidogo kupinga kazi ya kulazimishwa waliyotozwa Waafrika katika Afrika ya Mashariki ya Waingereza. Naye alikuwa Mwingereza akiikemea serikali ya watu wake. Mwaka 1977 kule Uganda maaskofu waliandika barua kumkanya Idi Amin kwa mauaji, na katika Februari ya mwaka ule Askofu Mkuu Janani Luwum akauawa. Hao twawataja katika mahubiri yetu. Je, tutawasifu waliowakabili watawala wenye bunduki, na huku sisi twamwogopa shemeji mwenye panga la kukatia migomba?

Na Kanisa linyamazapo, twajua pia mwisho wake. Mwezi wa Aprili mwaka 1994, kule Rwanda, watu walikimbilia makanisani Ntarama na Nyamata, wakauawa humo humo ndani. Wengi wa waliouawa walikuwa wamebatizwa. Na wengi wa waliowaua walikuwa wamebatizwa. Miaka mingi kabla ya siku ile, maneno ya kudharau jirani yalikuwa yakisemwa nyumbani na barazani, nayo makanisa hayakuyakemea kama ilivyopasa. Hatuulinganishi ukubwa wa mambo haya mawili. Twasema tu kwamba ubatizo wa mtu ukikaa kanisani na ukoo wake ukikaa nje, siku ya kujaribiwa ukoo ndio utakaoshinda. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Jibu la tatu halisemwi kwa sauti, lakini ndilo lenye nguvu kuliko mengine. Lasema: Mtu huyu ni mzee wa Kanisa; ndiye aliyetoa mabati ya paa; tukimgusa, ataondoka na ukoo wake wote, na sadaka itapungua. Hapa hatuna methali ya kujibu. Tuna swali tu. Sadaka ile yatoka wapi? Ikiwa kahawa imechumwa katika shamba alilofukuzwa mjane, na fedha yake ikatiwa kikapuni, na kikapu kikainuliwa mbele ya madhabahu, ni nani aliyetoa sadaka ile? Bwana wetu aliketi akielekea sanduku la hazina, akamwona mjane maskini akitia senti zake mbili. Twaihubiri habari hiyo kila mwaka wakati wa mavuno ili kuongeza sadaka. Lakini katika sura ile ile ya 12 ya Marko, mistari michache kabla yake, Bwana aliwaonya watu juu ya waandishi wapendao kusalimiwa sokoni na kuketi mbele, ambao hula nyumba za wajane na kusali sala ndefu. Twawaomba wahubiri wetu wasiirarue sura hiyo vipande viwili. Huenda mjane yule alikuwa na senti mbili tu kwa kuwa nyumba yake ilikuwa imekwisha kuliwa.

Tazameni nidhamu yetu ilivyo. Msichana apatapo mimba kabla ya ndoa, jina lake lasomwa mbele ya usharika, aketishwa nyuma, azuiwa Meza ya Bwana mpaka atubu hadharani. Mtu aoapo mke wa pili, atengwa. Mtu aonekanapo kilabuni, aonywa. Lakini mtu amfukuzapo mke wa nduguye usiku pamoja na watoto yatima, hatengwi, haonywi, wala jina lake halisomwi, isipokuwa lasomwa katika orodha ya waliochangia ujenzi. Je, katika mizani ya Mungu, ipi ni dhambi nzito? Nabii Isaya, katika sura ya kwanza, awaambia watu waliojaza ua wa hekalu kwa sadaka na sikukuu kwamba Mungu amezichoka, na awaagiza kumtetea mjane. Yakobo asema kwamba dini iliyo safi ni kuwatazama yatima na wajane katika dhiki yao. Hakusema ni tawi mojawapo la dini. Nasi tumekuwa wakali kwa wanyonge na wapole kwa wenye nguvu, kisha twashangaa kwamba vijana wetu hawaamini tena maonyo yetu. Vijana hawa walikuwako kikaoni, waliona.

Wala tusiwalaumu wanaume peke yao. Mara nyingine aliye mstari wa mbele katika kuvunja mlango ni wifi au mama mkwe, mwenye kitambaa cha umoja kichwani. Naye huenda alifukuzwa hivyo hivyo siku za ujana wake, akajifunza kwamba ndivyo dunia ilivyo. Umoja wa akina mama ungekuwa na nguvu kuliko mahakama, kama ungekubali kuketi upande wa yule anayelia.

Basi, kwa kuwa kulaumu bila kuonyesha njia ni kazi rahisi, twaleta mashauri matano, yasiyohitaji fedha wala mfadhili.

Kwanza, baraza la wazee la kila usharika lichague watu wawili, mwanamume mmoja na mwanamke mmoja wasio wa ukoo ule, wakaketi na mjane katika kikao cha ukoo. Wasiende kugombana. Waketi tu, wasikilize, na waulize kwa adabu: Je, mama mwenyewe asemaje? Mambo mengi ya giza hayafanyiki mtu wa nje aketipo.

Pili, wachungaji wafundishe kuandika wosia, nao waanze kwa kuandika wa kwao. Wako Wakristo wadhanio kwamba kuandika wosia ni kuita kifo. Kifo hakingoji kuitwa. Yakobo aliwaita wanawe akawapa maagizo yake kabla ya kufa, wala hakufa kwa sababu ya maagizo. Mume ampendaye mkewe na aandike mbele ya washuhuda wajuao kusoma, na karatasi moja iwekwe mahali ambapo ndugu hawatalitafuta sanduku.

Tatu, vitabu vya ndoa vya usharika vitunzwe kama vyombo vya ibada. Mjane aambiwapo kwamba hakuwa mke halali, cheti cha ndoa ndicho ngao yake. Tumeona vitabu vimeliwa na mchwa. Aliyeruhusu mchwa kula kitabu kile amewaruhusu pia watu kula nyumba.

Nne, amfukuzaye mjane au yatima katika makao yake asipokewe Mezani pa Bwana mpaka arudishe. Hatusemi mpaka aombe radhi. Twasema mpaka arudishe. Zakayo hakumwambia Bwana kwamba anasikitika. Alisema atarudisha mara nne.

Tano ni letu sisi walimu. Tusikubali tena kuikodisha kalamu yetu. Tukiitwa kuandika muhtasari, na tuandike yaliyosemwa na yasiyosemwa: nani alikuwako, nani hakuitwa, nani aliulizwa, nani alinyamaza. Na mtoto akikosekana darasani baada ya msiba, tusiandike mtoro kabla ya kwenda kumtafuta.

Wengine watasema twajifanya manabii. La, ndugu. Nabii ni yule aliyesema kabla ya shamba kuchukuliwa. Sisi tulikunywa chai kwanza. Mama yule tulimfuata baadaye, tukamwambia tulichokitenda, tukamwomba msamaha. Hakulia, wala hakutukana. Alituuliza jambo moja tu: Mwalimu, karatasi ile ingalipo? Tukamwambia ingalipo mahakamani. Akasema, Basi nenda ukaseme huko, si hapa.

Tulikwenda. Tuliandika kwa mwandiko ule ule kwamba muhtasari wa kwanza haukusema kweli, na kwamba mjane hakuulizwa. Ukoo ule hautusalimu tena, na benchi tuliketilo kanisani lina nafasi kubwa kushoto na kulia. Shauri bado halijakwisha. Mtoto amerudi shuleni katika kijiji cha wajomba zake, darasa moja nyuma ya wenzake.

Hatuyaandiki haya tupate sifa, maana tulichelewa, na aliyechelewa hana sifa. Twaandika kwa kuwa katika usharika wako, msomaji, msiba hauko mbali. Kengele italia, nawe utakwenda, utaimba, utatoa rambirambi yako. Twakuomba neno moja: matanga yakiisha na watu wakianza kutawanyika, usiondoke upesi. Tazama jikoni ni nani anayepika chai.